Barafu ya Mtaa Mzima

Majirani, leo naanza na nyinyi wenyewe. Mwaka jana kabla ya Juma Kuu, nyumba kumi na nne za mtaa huu zilitoa nafasi kwenye friza zake kugandisha maji kwa ajili ya binti mmoja, na mpaka leo hamjaambiwa barafu yenu iliishia wapi. Wengine mmesikia habari nusunusu dukani, na wengine mmetia chumvi, nayo chumvi hapa Guerrero Negro haijawahi kuadimika. Mimi Fidencio Arce, fundi wa matairi, nilikuwepo. Nitaeleza yote, na nikifika penye aibu yangu sitaparuka.

Ilikuwa Jumapili ya Februari, upepo umetulia baada ya wiki nzima ya kutupiga vumbi machoni. Tulikuwa uani kwa Anastasio Murillo, ambaye sote tunamwita Tacho. Yeye anaendesha lori kwenye mashamba ya chumvi, na mimi na yeye tunaitana kompadre, kwa kuwa mimi ndiye niliyemshika binti yake Yuridia siku ya ubatizo. Tacho alikuwa anachoma samaki. Mkewe, Leonila, alikaa mezani na daftari la shule, na Yuridia pembeni yake alikuwa anachora barabara kwa penseli nyekundu, kutoka kwetu, kukata jangwa, mpaka bahari ya upande wa pili wa rasi yetu. Harufu ya samaki ilikuwa nzuri, redio ilikuwa chini, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Usiku wa kwanza, San Lucas," Leonila alisoma. "Usiku wa pili, wa tatu na wa nne, El Requesón. Usiku wa tano tunashuka mpaka chini ya Loreto. Siku ya sita tunarudi."

"Na pipi usiku wote," Yuridia akasema.

"Pipi utaziota."

Mnajua kwetu kulivyo. Juma Kuu likifika, nusu ya mji hubeba mahema, majiko na bibi zao na kuhamia ufukweni. Jumatatu ya Pasaka watoto hurudi shuleni pua zimebabuka, midomo imejaa hadithi. Yuridia alikuwa amesikiliza hadithi hizo miaka minne bila kuwa na yake. Alishikwa na kisukari akiwa na miaka saba, kile cha watoto, cha sindano kila siku, na tangu hapo familia haikulala nje ya nyumba. Sasa alikuwa na miaka kumi na moja na alitaka kitu kimoja tu, kulala mchangani kama wenzake. Daktari alikuwa amesema aende, mradi insulini isipate joto. Joto likiingia kwenye kile kichupa, alisema, ukimdunga ni sawa na kumdunga maji.

Ndiyo sababu Leonila aliipanga safari ile tofauti na watu wote. Sisi wengine hupanga kwa vituo vya mafuta. Yeye alipanga kwa barafu. Daftarini aliandika: Vizcaíno, barafu ipo. San Ignacio, usitegemee. Santa Rosalía, ipo asubuhi. Mulegé, Alhamisi Kuu hutapata hata ya kuweka kwenye jicho lililovimba. Kwa hiyo asingetegemea maduka. Alipita mlango kwa mlango, chupa ndogo mbili za maji kila nyumba, akaandika jina la mwenye friza kwa kalamu ya wino mzito. Mama Chelo, mbili. Kinyozi, mbili. Padri, mbili, nazo alizigandisha juu ya kuku wake. Mimi pia, mbili.

"Kompadre," akaniambia siku ile uani, "kuna jambo limebaki. Nataka unifundishe kuendesha pikapu."

Tacho akacheka mpaka samaki mmoja akaanguka kwenye makaa. "Wewe? Wa nini, na madereva wawili tutakuwepo?"

"Mmoja wenu atakuwa amelewa," Leonila alisema bila kuinua macho. "Yaelekea wote wawili."

Nami nilicheka, ndugu zangu. Nilicheka na bia mkononi.

Basi nikamfundisha kule kwenye uwanda wa chumvi, ambako hata ukigeuza usukani ukiwa umefumba macho hugongi kitu. Alizima gari mara thelathini siku ya kwanza. Siku ya pili alizima mara kumi, siku ya tatu hakuzima. Mwanamke yule akiamua jambo, ukae pembeni.

Tuliondoka Jumanne Kuu alfajiri. Masanduku ya barafu yalikuwa mawili. La bluu, kubwa, lilibeba nyama, jibini na vinywaji. Jekundu, dogo, lilibeba barafu yenu na dawa. Vichupa vinne vya insulini alivitia kwenye chupa ya kioo ya kahawa, akaizungushia taulo ili visiguse barafu na kuganda, kwa maana kuganda nako kunaiua. Sheria ilikuwa moja, na alitutamkia mbele ya mtoto: "Jekundu nalifungua mimi, asubuhi na jioni. Hakuna mwingine."

"Naapa, mkuu wa majeshi," Tacho akasema, akapiga saluti.

Chini ya mahema alikuwa ameficha kreti mbili za zile chupa kubwa za bia tunazoziita nyangumi. Mimi nilijua, kwa sababu kreti moja niliinunua mimi.

Siku mbili za kwanza sijui niwaelezeje. Kule San Lucas Yuridia hakulala kabisa, alikaa kwenye mlango wa hema akihesabu kila samaki aliyeruka. Jumatano tulipita Mulegé, Leonila akataka tusimame kwa mama yake mdogo, Eduviges, akaacha kichupa cha nne cha insulini kwenye friji yake, mlangoni, karibu na mayai.

"Unasambaza dawa kama mtu anayeficha dhahabu," Tacho alimtania.

"Imeandikwa daftarini. Kimoja kisisafiri na wenzake."

"Daftari, daftari. Kesho utaandika lini nipumue."

Pale El Requesón maji yalikuwa yametulia. Tulisimamisha mahema mwanzoni mwa ule ulimi wa mchanga, karibu na familia kutoka Ciudad Constitución iliyokuwa na jenereta na shangazi watano. Yuridia alipata marafiki kabla hatujamaliza kufunga kamba. Jioni ile sukari yake ilikuwa nzuri, na Leonila aliifuta mashine ya kuipimia kwa upindo wa gauni, akatabasamu peke yake. Nakumbuka nilijisemea kwamba komadre wangu, mama wa mtoto niliyemshika ubatizoni, amelishinda jangwa.

Sasa nafika kwenye Alhamisi.

Kufika saa sita mchana sanduku la bluu lilikuwa limejaa maji ya uvuguvugu. Tacho alikuwa amekwenda Mulegé asubuhi kutafuta barafu akarudi mikono mitupu, kama daftari lilivyosema. Maji ya bahari yalikuwa yamekupwa mbali, na Leonila na Yuridia walikuwa wamekwenda na wale shangazi kuchimba chaza mchangani, ndoo mkononi. Sisi wawili tulibaki chini ya turubai, na nyangumi wetu walikuwa wa moto kama chai.

"Haiwezekani mtu kunywa hivi," Tacho akasema.

"Basi tusinywe," nikasema. Nilisema kwa utani, ndugu zangu, si kwa nia. Laiti ningelisema kwa nia.

Akaangalia sanduku jekundu. Akaangalia bahari, kule wanawake walikokuwa wameinama. "Saa moja tu, kompadre. Barafu ya mtaa mzima imekaa pale bure, inalinda chupa moja ya kahawa."

Alifungua. Akatoa chupa ya kahawa na taulo lake, akaiweka ndani ya pikapu, mbele ya usukani, mahali palipokuwa na kivuli. Akapanga nyangumi sita juu ya majina yenu. Juu ya jina la padri, juu ya Mama Chelo, juu ya jina langu mwenyewe. Mimi nilimshikia kifuniko.

Kivuli kile, kama mjuavyo, hakikai. Kufika saa saba jua lilikuwa limehamia kwenye kioo cha mbele, na madirisha ya pikapu yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya mchanga. Sisi tulikunywa, tukasimulia habari za zamani, tukalala. Nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja, wanawake bado hawajarudi, na Tacho alikuwa amesimama kwenye mlango wa gari na chupa ya kahawa mikononi. Alikuwa anaihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa jinsi ilivyomchoma.

Tulitazamana. Akatoa chupa za bia, akairudisha dawa kwenye sanduku, akafunga.

"Itapoa," akasema.

"Tumwambie Leonila," nikasema.

"Itapoa, Fide. Unataka kumharibia mtoto safari? Tukimwambia, dakika hii tunafungasha kurudi nyumbani. Miaka minne amengoja."

Hivyo ndivyo alivyonifunga mdomo, kwa jina la mtoto mwenyewe. Na mimi nikakubali, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu kifuniko nilikishika mimi.

Jioni Leonila alimdunga. Baada ya chakula sukari ilikuwa imepanda mpaka mia mbili na themanini, na Leonila akasema ni zile chapati za tortia za shangazi, mtoto amekula tatu bila kusema. Yuridia akakana, akasema moja na nusu. Mimi nilikuwa nimekaa mita mbili kutoka pale. Nikainuka nikaenda kukusanya kuni ambazo hatukuzihitaji.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu ilikuwa mia tatu na themanini. Mtoto alikuwa amekunywa maji ndoo nzima na bado midomo imekauka. Leonila akamdunga tena, akangoja, akapima. Ikapanda. Saa tatu Yuridia alianza kutapika, na wale shangazi wakasema ni chaza, wakaleta chai ya majani. Leonila hakusema ni chaza. Alisimama katikati ya kambi, daftari wazi mkononi, akipitia mistari yake mmoja mmoja kwa kidole, akitafuta alipokosea. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kumwona anatafuta kosa lake mahali ambapo halikuwepo.

Tacho alikuwa ufukweni, ameipa kambi kisogo. Hakugeuka.

Kisha Leonila akafungua sanduku jekundu, akatoa chupa za maji moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimeyeyuka zote, na daftari lilikuwa limezihesabia barafu mpaka Jumamosi. Kwenye ubavu wa chupa ya mwisho kulikuwa na kitu kimenata. Akakibandua kwa ukucha. Ilikuwa lebo ya bia, imelowa, na ilikuwa imenata juu ya jina langu.

Akaja nilipokaa, akainama mpaka macho yetu yakalingana. "Kompadre. Nani alifungua sanduku?"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tangu saa kumi na moja ya jana jioni hadi wakati ule ni saa kumi na saba, nimezihesabu mara nyingi. Nikasema, "Tacho alifungua. Mimi nilishika kifuniko. Dawa ilikaa juani ndani ya gari tangu saa sita mpaka saa kumi na moja."

Sikupigwa. Ningependa kupigwa. Alifunga daftari, akalitia kifuani, akasema, "Mbebe mtoto. Ufunguo uko wapi?"

Tacho alikuja mbio sasa. "Niendeshe mimi, Nila, mimi naijua barabara."

"Nusa kwanza pumzi yako," Leonila akamwambia. "Panda nyuma."

Akapanda nyuma, kwenye bodi ya pikapu, kati ya makreti. Mimi nilikaa kiti cha abiria, kichwa cha Yuridia kifuani pangu. Alikuwa anapumua kwa nguvu, kwa haraka, na pumzi yake ilikuwa na harufu tamu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ndiyo harufu ya mwili uliokosa insulini.

Kutoka El Requesón mpaka Mulegé barabara inapanda na kujikunja juu ya bahari, na hakuna ukingo. Ijumaa Kuu magari yote ya rasi yalikuwa yanashuka kuja upande wetu, na Leonila hakuwahi kuendesha mahali penye gari la pili. Alishika usukani kwa mikono miwili, mgongo haukugusa kiti. Kwenye kona ya kwanza lori la maji lilimpigia honi, naye akalipigia honi vilevile na hakupunguza mwendo.

"Kompadre, gia ya ngapi hapa?"

"Ya tatu, komadre."

"Nilikuwa najua. Nilitaka kusikia kama mdomo wako bado unafanya kazi."

Yuridia akafumbua macho kidogo. "Baba Fide, tunarudi nyumbani?"

"Tunapita kwa bibi Eduviges tu."

"Usiwaache wakunje hema langu," akasema, akafumba tena.

Mama mdogo Eduviges alikuwa kanisani kwenye Njia ya Msalaba. Leonila hakubisha hodi. Aliruka ukuta, akaingia kwa mlango wa jikoni, akafungua friji, na kichupa kilikuwa pale pale, karibu na mayai, baridi. Alimdunga mtoto kwenye kiti cha gari. Kisha tukaenda zahanati, nesi akamtundikia Yuridia dripu na kusema gari la wagonjwa linakuja kumpeleka hospitali ya Santa Rosalía. Nesi alimuuliza mtoto amekaa bila dawa muda gani. Leonila alimnyooshea Tacho kidole, akamwachia ajibu yeye.

Tacho akajibu. Alijibu kila kitu, mbele ya watu waliojaa benchi, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Daktari wa Santa Rosalía alisema tungechelewa mpaka jioni tungempoteza. Yuridia alilala siku mbili hajui yuko wapi. Asubuhi ya Pasaka akauliza kama kuna mtu amelisha paka wake, na Leonila akatoka nje kwenye ngazi za hospitali, akaketi, akalia kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa ngazi ya chini yake. Hakunifukuza.

Mtauliza Tacho yukoje. Aliacha pombe miezi minne, akaanguka, akaacha tena, na sasa ni mwezi wa sita hajagusa. Anaishi nyumbani kwake. Januari hii alimkuta Yuridia mezani na daftari jipya, na sanduku jekundu limewekwa kufuli, ufunguo uko shingoni mwa mtoto kwenye kamba ya kiatu. Tacho akamuuliza kwa upole kama anaweza kusaidia kubeba lile sanduku.

"Kubeba unaweza, baba," Yuridia alisema. "Sikuchukii. Lakini hufungui."

Tacho mwenyewe ndiye aliyenisimulia, amesimama mlangoni kwangu na kofia mkononi, na alirudia maneno yale mara mbili.

Maana wanakwenda tena, majirani, na hilo mnalijua. Njia ni ileile na siku za kulala nje ni zilezile tano, kwa kuwa mbili kati yake zilibaki deni kwa mtoto. Wiki iliyopita Leonila alipita tena nyumba zenu na chupa tupu. Alipita kwa Mama Chelo, kwa kinyozi, kwa padri. Kwangu hakubisha.

Nilijaza mbili mwenyewe, nikaandika jina langu, nikazigandisha siku tatu, nikazipeleka mlangoni kwake walipokuwa wanafungasha. Alizishika, akasoma jina.

"Umekunywa?"

"Tangu siku ile, hata tone."

"Sikukuuliza tangu lini." Akanusa hewa kati yetu, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaingia ndani na chupa zangu. Nilimwona kupitia dirishani. Alipita sanduku jekundu, akaziweka kwenye la bluu, pamoja na nyama.

Kwenye dawa bado haniamini, lakini chupa zangu alizipokea; nilirudi nyumbani nikishukuru.

FUNZO

Kwanza, walevi wenzangu, na wale mnaosema nyinyi si walevi. Pombe haikumtuma Tacho kumdhuru mtoto wake, anampenda kuliko macho yake. Ilimwambia tu "saa moja". Ukisikia sauti hiyo ndani yako mbele ya dawa, chakula au usalama wa mtu mwingine, ujue haiongei kwa ajili yako.

Pili, Leonila hakuokoa mtoto kwa bahati. Aliokoa kwa kujifunza gari mwezi wa pili na kuacha kichupa karibu na mayai. Msimcheke mtu anayepanga. Mimi nilimcheka, na mipango yake ndiyo iliyonisafishia uchafu wangu.

Tatu, na hili ndilo lililonileta mbele yenu. Aliyetoa dawa kwenye barafu alikosea kwa saa tano. Mimi niliyenyamaza nilikosea kwa saa kumi na saba, na akili zangu zilikuwa zimerudi. Ukiona kosa linalogusa uhai wa mtu, sema dakika hiyohiyo, hata kama mkono wako ulikuwa ndani yake. Usingoje kuulizwa.